Schenker, Ewell na jarida la Texas: uchambuzi wa mgogoro mmoja wa nadharia ya muziki

Tarehe 9 Novemba 2019, wanachama wa Society for Music Theory, chama kikuu cha wataalamu wa nadharia ya muziki nchini Marekani, walikuwa mjini Columbus, Ohio, kwa mkutano wao wa mwaka. Miongoni mwa waliopewa nafasi ya kuhutubia kikao cha pamoja alikuwemo Philip Ewell, mpiga selo na profesa wa Hunter College, New York, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amejikita katika nadharia ya muziki ya Kirusi, na ambaye ni mmoja wa Wamarekani weusi wachache katika taaluma hiyo. Akitumia dhana ya mwanasosholojia Joe Feagin, Ewell alieleza kwamba wenzake hutazama muziki wote kupitia dirisha lililochongwa na watu weupe kwa ajili ya muziki wa watu weupe, na kwamba wamelizoea mno hata hawalioni tena. Mfano wake mkuu ulikuwa Heinrich Schenker, mwananadharia wa Vienna ambaye mbinu yake hufundishwa karibu katika kila idara kubwa ya nadharia ya muziki nchini humo. Ukumbi ulisimama kumpigia makofi. Miezi minane baadaye jarida moja la kitaaluma la Texas lilimjibu kwa namna iliyoigawa taaluma nzima, na kufikia Januari 2021 suala hilo lilikuwa mbele ya mahakama ya shirikisho.

Nimeamua kukichambua kisa hiki kwa kirefu kwa sababu naamini mabishano yalikwama mahali pasipofaa. Watu walibishana kuhusu tabia ya mtu aliyekufa mwaka 1935, kisha wakabishana kuhusu haki ya kusema, na swali lililostahili kubeba mjadala, yaani nadharia hii inajua nini na haijui nini kuhusu muziki wa wanadamu, likaachwa bila mjibu.

Schenker alizaliwa mwaka 1868 katika familia ya Kiyahudi huko Galicia, jimbo la mashariki la milki ya Austria na Hungaria, katika eneo ambalo leo ni la Ukraine. Alisomea sheria mjini Vienna, akasoma muziki pia, Anton Bruckner akiwa mmoja wa walimu wake, na maisha yake yote aliyaendesha kwa kufundisha piano, kuhariri nota na kuandika. Hakuwahi kupata nafasi katika chuo kikuu. Kitabu chake cha mwisho, Der freie Satz, kilitoka mwaka uleule aliofariki. Mjane wake, Jeanette, alikamatwa na Wanazi na kufia katika kambi ya Theresienstadt mwanzoni mwa 1945. Wafuasi wake waliohamia Marekani, wakiwemo Felix Salzer, Oswald Jonas na Ernst Oster, walikwenda na mbinu yake, na baada ya vita, kupitia wasomi kama Allen Forte wa Chuo Kikuu cha Yale, mafundisho ya mwalimu wa piano asiye na cheo yakawa msingi wa somo la chuo kikuu. Historia hii ina uzito wake, kwa kuwa wale waliomtetea Schenker mwaka 2020 walikuwa, baadhi yao, wakiutetea pia ukumbusho wa watu walioangamizwa au kufukuzwa makwao.

Mbinu yenyewe haielezeki vizuri bila mfano, na mfano uliopo karibu ni wimbo ambao kwaya nyingi za Afrika Mashariki huufahamu: ule wa furaha katika sehemu ya mwisho ya simfoni ya 9 ya Beethoven, iliyopigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1824. Kwa solfa, nusu ya kwanza ya wimbo huo ni mi mi fa so, so fa mi re, do do re mi, mi re re. Nusu ya pili hupita njia ileile hadi mwishoni kabisa, ambapo mahali pa mi re re huimbwa re do do. Kila nusu ina nota 15. Schenker huuliza ni nota zipi kati ya hizo zinazoubeba wimbo na zipi zinazobebwa. Kwa jicho lake, nusu ya kwanza yote ni mi inayoshuka hadi re, huku besi ikitoka do kwenda so, na hapo safari inakatizwa; nusu ya pili inaanza upya kwa mi, inapita re na kufika do, besi nayo ikirejea do. Zile do mbili za katikati, ambazo mtu angeweza kudhani ndizo mwisho, hazihesabiwi hivyo, kwa maana mi ya mwanzo bado haijaachiliwa. Mwanakwaya yeyote hulijua jambo hili kwa sikio: hakuna anayefunga daftari lake wimbo ukifika pale. Schenker alilipa jambo hilo maelezo, kisha akaenda mbali zaidi na kudai kwamba hata kipande cha simfoni cha robo saa nzima kimeninginia juu ya mifupa hiyohiyo, yaani mi, re, do juu ya besi ya do, so, do.

Nasema wazi kwamba haya ni mafanikio makubwa ya akili. Anayewafundisha waimbaji kuona kwamba nota 30 zinashikwa na chache tu anawapa njia ya kuvuta pumzi, ya kupanga nguvu ya sauti, na ya kujua wapi wasikawie. Uchambuzi wowote wa kisa hiki unaoanza kwa kudharau mbinu ya Schenker unajinyima uwezo wa kueleza kwa nini imedumu.

Lakini Schenker hakuishia kwenye nota. Mwaka 1921, katika toleo la kwanza la jarida lake, Der Tonwille, alifungua kwa insha ndefu kuhusu utume wa kipaji cha Kijerumani, na humo aliishambulia Ufaransa kwa kuweka askari weusi kutoka makoloni yake ya Afrika katika ardhi ya Wajerumani walioshindwa vita, akitumia maneno ya kuwadhalilisha askari hao kwa rangi yao. Orodha yake ya watunzi waliofikia ukuu wa kweli ilikuwa ya Wajerumani na Waaustria, isipokuwa Chopin na Domenico Scarlatti. Aliamini kwamba usawa wa watu ni ndoto ya demokrasia isiyo na msingi, na alisema mwenyewe kwamba mawazo yake kuhusu muziki na mawazo yake kuhusu ulimwengu hayatenganishiki. Tafsiri ya Kiingereza ya Der freie Satz iliyotoka mwaka 1979 iliyaondoa mengi ya maneno ya namna hiyo katika sura zenyewe na kuyaweka mwishoni mwa kitabu kama kiambatisho, na Forte, katika utangulizi, alimhakikishia msomaji kwamba hayahusiani na dhana za kimuziki. Vizazi vya wanafunzi vikasoma Schenker aliyesafishwa.

Katika hili Ewell alikuwa sahihi, na ushahidi wake ulitoka kwenye kalamu ya Schenker mwenyewe. Alikuwa sahihi pia, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye nguvu yake kubwa, alipovihesabu vitabu saba vya kiada vinavyotawala soko la nadharia ya muziki Marekani na kukuta kwamba kati ya mifano 2,930 ya muziki iliyomo, ni 49 tu iliyotungwa na watu wasio weupe, sawa na asilimia 1.67. Hesabu hiyo haimtegemei Schenker hata kidogo. Ingekuwa kweli hata kama Schenker angalikuwa mtu mpole kuliko wote Vienna. Inaonyesha tabia ya taasisi leo, kwa wahariri walio hai, wachapishaji walio hai na walimu wanaochagua vitabu kila muhula.

Hatua yake ya tatu ndiyo ninayoipinga. Ewell alidai kwamba imani ya Schenker kuhusu kutokuwa sawa kwa jamii za watu na imani yake kuhusu kutokuwa sawa kwa sauti ni kitu kimoja, yaani ngazi ya rangi na ngazi ya nota zinafanana kwa asili. Kwamba Schenker mwenyewe aliziunganisha, sawa. Lakini ngazi ya sauti si mali ya Vienna. Mpiga kanuni au udi wa taarabu Zanzibar anajua kwamba katika kila makamu, yaani kila mpangilio wa sauti wa muziki wa Kiarabu, ipo sauti ya kutulia, zipo za kupitia, na ipo inayosubiriwa. Mwimbaji wa raga wa India atasema vivyo hivyo kuhusu sauti zake. Kuzipa sauti vyeo tofauti ni desturi ya watu wengi wasiowahi kumsikia Schenker, na hoja inayoufanya utaratibu huo wenyewe uwe alama ya ubaguzi inawagusa hata wale ambao Ewell alitaka wasikilizwe. Wapinzani wake wangeweza kuishika hoja hii, wakaijadili kwa nota mkononi, na taaluma ingenufaika.

Kuna mahali pengine ambapo nadharia ya Schenker inastahili kubanwa kwa nguvu zaidi, na huko hakuna aliyekwenda. Schenker aliijenga nyumba yake juu ya maumbile. Uzi unapopigwa hutoa sauti yake kuu, tuiite do, na ndani ya sauti hiyo mna sauti nyembamba zaidi zilizopangika kwa namba: ya pili ni ileile ya kwanza kwa kiwango cha juu, ya tatu ni so, ya nne ni do tena, ya tano ni mi. Hapo do, mi na so zimepatikana, na Schenker akaziita zawadi ya maumbile, msingi ambao muziki wote wa kweli umekua kutoka kwake. Kuhusu kodi (sauti kadhaa zinazolia pamoja) ya huzuni, yaani ile yenye mi iliyoshushwa, alikiri kwa uaminifu kwamba haimo katika msururu huo wa namba na kwamba ni kazi ya msanii. Lakini kwa nini msururu ukomee ya tano? Jibu lake lilikuwa kwamba sikio la mwanadamu halifuati maumbile zaidi ya hapo.

Dodoma, katikati ya Tanzania, wapo wanadamu ambao sikio lao hufuata zaidi ya hapo, na wamefanya hivyo bila kuomba kibali cha kitabu chochote. Watafiti wa muziki wa Kiafrika, akiwemo Gerhard Kubik, wameonyesha kwamba sauti za muziki wa Wagogo zinatoka katika msururu huohuo wa maumbile, ila zinaendelea hadi ya saba na ya tisa. Ya tisa ni re. Ya saba iko karibu na ti iliyoshushwa, lakini inakaa chini ya ile ya piano kwa takriban theluthi moja ya nusu-toni, na mtu aliyelelewa na piano huisikia mara ya kwanza kama kosa. Aliyewahi kumsikiliza marehemu Hukwe Zawose akiimba huku akipiga ilimba, ala ya Kigogo inayopigwa kwa vidole gumba, atakumbuka jinsi sauti hiyo inavyosimama imara, wala haitafuti pa kutulia. Hivyo dai kwamba maumbile yenyewe yanaipendelea Vienna linaanguka kwa kipimo kilekile alichokichagua Schenker. Alichokiita maumbile kilikuwa ni maumbile yaliyokatwa pale ambapo muziki alioupenda uliishia. Tukilikubali hilo, mbinu yake inabaki chombo bora sana cha kusomea Bach, Beethoven na Brahms, na inapoteza haki ya kuitwa nadharia ya muziki bila kutaja muziki upi. Hoja hii ina makali kuliko tuhuma yoyote kuhusu moyo wa mtu, na inaweza kupimwa na mwalimu yeyote mwenye uzi na sikio.

Sasa turudi Texas. Jarida lililomjibu Ewell ni Journal of Schenkerian Studies, la Chuo Kikuu cha North Texas mjini Denton, na ambalo profesa Timothy Jackson alishiriki kulianzisha. Toleo la 12, lililotoka Julai 2020, lilikuwa na majibu 15 kwa mhadhara wa Columbus. Baadhi yalimuunga mkono Ewell, mengi yalimpinga, na moja halikuwa na jina la mwandishi. Hayakupitia utaratibu wa kawaida wa kusomwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa, na Ewell mwenyewe hakualikwa kuandika wala kujibu. Katika makala yake, Jackson aliihusisha hoja ya Ewell na chuki dhidi ya Wayahudi miongoni mwa Wamarekani weusi, na akadai kwamba sababu mojawapo ya uchache wa watu weusi katika nadharia ya muziki ni kwamba wachache wao hukulia katika nyumba ambamo muziki wa kiklasiki unathaminiwa sana.

Kwa wasomi wanaosema wanatetea uchambuzi makini, toleo hilo lilikuwa msiba. Jarida la kitaaluma likikusanya sauti nyingi dhidi ya mtu mmoja na lisimpe hata nafasi ya kusoma yanayosemwa juu yake, limeacha kufanya kazi inayolipa jina lake. Kadhalika, kumfahamisha mtu mweusi kwamba jamii yake haipo chumbani kwa sababu ya malezi ya nyumbani kwao, wakati amekuja na hesabu ya vitabu saba inayoonyesha kinachowekwa mbele ya mwanafunzi baada ya kuingia chumbani, ni kulikwepa swali. Na Marekani yenyewe inao ushahidi wa kutosha dhidi ya dai hilo: Florence Price, ambaye simfoni yake ya kwanza ilipigwa na Chicago Symphony Orchestra mwaka 1933, alifundishwa piano na mama yake nyumbani Little Rock, Arkansas. Mapenzi kwa muziki huo yalikuwemo katika nyumba hiyo; kilichokosekana kwa miongo mingi ni orkestra na vitabu vya kiada vilivyo tayari kuupokea muziki wake.

Bodi ya Society for Music Theory ililaani toleo hilo mwishoni mwa Julai. Wanafunzi wa shahada za juu wa North Texas walitoa tamko wakidai, pamoja na mengine, kwamba jarida livunjwe. Chuo kikaunda jopo la uchunguzi, ambalo ripoti yake ya Novemba 2020 ilikosoa namna toleo lilivyohaririwa, na baadaye Jackson akaarifiwa kwamba hangeendelea kushika jukumu lake katika jarida. Alishtaki mwezi Januari 2021 akidai kwamba haki yake ya kikatiba ya uhuru wa maoni imekiukwa, na akawashtaki pia, kwa kumchafulia jina, walimu wenzake waliotia sahihi tamko la kuwaunga mkono wanafunzi hao, pamoja na mwanafunzi mmoja. Chuo kilijaribu kuizima kesi mapema kikashindwa, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa iliiacha iendelee. Mwaka 2025 pande husika zilifikia makubaliano.

Naona kwamba chuo nacho kilikosea, ingawa kosa lake ni la aina nyingine. Jarida lililochapisha vibaya lilihitaji kulazimishwa kuchapisha vizuri: toleo la 13 lenye jibu la Ewell kwa urefu anaoutaka yeye, lenye watathmini wa nje, lenye wachambuzi wa muziki wa Kiafrika, wa Kiarabu na wa Kihindi waliopewa swali la maumbile na ngazi ya sauti walijibu. Kumwondoa Jackson kulihamisha mabishano kutoka kwenye nota hadi kwa mawakili, na tangu siku hiyo kila aliyeandika kuhusu kisa hiki alijikuta akiulizwa yuko upande gani kabla ya kuulizwa amesikia nini. Walioshtakiwa na Jackson kwa sababu ya tamko wamelipa gharama ambayo hakuna makubaliano ya mahakamani yanayoweza kuirudisha.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuko mbali na jambo hili. Solfa tuliyoipata kupitia shule na makanisa ya misheni imekaa katika masikio yetu kwa zaidi ya karne, na imetupa watunzi wa kwaya ambao siwezi kuwaza maisha yetu bila wao. Bodi ya mitihani ya London, ABRSM, iliyoanzishwa mwaka 1889, bado inawapima watoto wa Nairobi, na kwa miaka mingi anayetaka kwenda juu ya daraja la 5 katika piano au fidla kwa kawaida ametakiwa kufaulu kwanza mtihani unaoitwa nadharia ya muziki. Mtoto anaupokea mtihani huo kwa jina lililo wazi namna hiyo, bila neno la kuonyesha ni muziki wa nani. Ewell aliwasema Wamarekani, lakini kipimo chake cha kuhesabu mifano kitabuni kinaweza kutumika na mwalimu yeyote wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam kwa jioni moja, akiwa na kitabu chake mwenyewe na kalamu.

Maandishi ya Schenker leo yanapatikana kwa ukamilifu. Der Tonwille ilitafsiriwa yote kwa Kiingereza na kuchapishwa na Oxford University Press mwaka 2004 na 2005, ile insha ya 1921 ikiwemo, na barua zake na shajara zake zinawekwa wazi mtandaoni na mradi wa Schenker Documents Online. Hakuna tena mhariri wa kumlinda mwanafunzi dhidi ya kurasa hizo. Ninavyoona mimi, somo lipangwe hivi: wiki moja darasa lichore mi, re, do ya Beethoven kwa bidii yote inayostahili, wiki inayofuata lisome alichoandika Schenker kuhusu wale askari wa Afrika, bila kuruka mstari, na wiki ya tatu ilimba ya Kigogo iletwe darasani, sauti ya saba ipigwe, na kila mwanafunzi aandike kwa maneno yake ni kipi katika mchoro wa wiki ya kwanza kinachoweza kuipokea sauti hiyo na kipi kisichoweza.